Waraka kwa Wanachama: Jina Aliloulizwa Jirani

Kwa wahariri, watafsiri, watunzi wa vitabu vya shule na wasoma prufu wote wa chama chetu

YAH: MAJINA YA JAMII ZA ASILI KATIKA MAANDISHI YETU

Ndugu wanachama,

Habari za ada, ukumbi na chakula cha mkutano mkuu zitakuja kwa waraka mwingine. Mweka hazina ana yake ya kusema na sitaki kumwingilia. Huu wa leo una jambo moja, na nimeurefusha kwa makusudi. Anayetaka kuusoma ndani ya daladala aukunje, autie mfukoni, ausome akifika nyumbani.

Mtakumbuka kwamba kikao kilichopita kilituishia kwenye neno moja. Tulikuwa na prufu za kitabu cha darasa la tano, na katika ukurasa unaoeleza watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi kandokando ya Ziwa Eyasi, watu walewale walikuwa wamepewa majina matatu: juu ya picha "Watindiga", ndani ya maelezo "Wahadzabe", kwenye zoezi la mwisho "Wahadza". Tulibishana karibu saa nzima. Mwisho mmoja wetu, kwa kuchoka nadhani, akasema tufuate kamusi. Wengi wakaitikia, kikao kikafungwa.

Nilinyamaza pale, na kule kunyamaza ndiko kunakoniandikisha leo. Kamusi, wenzangu, hatukuteremshiwa. Baadhi yenu mmewahi kukaa katika majopo ya kuzitunga, mnajua neno linavyoingia: linatolewa katika kamusi ya zamani, linapigwa vumbi, linarudishwa. Tukisema tufuate kamusi, tunasema tujifuate sisi wenyewe. Nasi katika jambo hili tumekuwa tukimfuata mtu ambaye hatujawahi kumwuliza habari zake alizitoa wapi.

Nianze na kosa langu. Nilipokuwa mhariri msaidizi, kijana mwenye kalamu nyekundu na haraka nyingi, nililetewa habari kutoka Hanang iliyoandikwa na mwandishi wetu wa huko. Aliandika "Wadatoga". Nikakata, nikaandika "Wamang'ati", kwa sababu ndivyo wasomaji wa mjini walivyowajua, na nilifundishwa kwamba mhariri mwema humwandikia msomaji. Gazeti likatoka. Baada ya wiki tatu hivi mwandishi yule akanipigia simu. Hakufoka. Alisema amerudi katika boma lilelile alilochukulia habari, akapewa maziwa kama ilivyo ada, na alipokwisha kunywa, mzee mwenye boma akamwuliza: "Mwanangu, huko kwenu adui ndiye huwanywesha maziwa?"

Sikuelewa mpaka aliponifafanulia. Mang'ati si neno la Kidatoga. Ni la Kimaasai, na maana yake ni adui. Wamaasai na Wadatoga waligombea malisho na ng'ombe kwa vizazi, na Mmaasai alipoulizwa wale ng'ambo ni akina nani, alijibu alivyowaona. Simlaumu, walikuwa adui zake kweli. Wa kulaumiwa ni msafiri aliyechukua jibu la upande mmoja wa vita akalifanya jina la upande wa pili. Kisha nalaumiwa mimi, niliyeletewa jina lao halisi na mtu aliyekaa nao, nikalikata. (Wapo waliotaka kujisahihisha wakaandika "Wabarabaig" kwa wote. Barabaig ni tawi moja la Wadatoga, kubwa, lakini moja. Ni sawa na kumwita kila Mmijikenda Mgiriama.)

Tangu siku ile nimekuwa nikiokota majina ya namna hii, na nimeona mengi yana mwendo mmoja. Mgeni hafiki kwa mwenyewe moja kwa moja. Hufika kwanza kwa jirani, kwa kuwa jirani yuko njiani, ana soko, ana maji, ana mtu anayejua lugha mbili. Akiwa pale huuliza: na wale wanaofukiza moshi kule mlimani ni akina nani? Jirani hajibu wale wanavyojiita. Pengine hata hajui. Hujibu wanavyomhusu yeye: wasio na ng'ombe, watu wa porini, wafupi, watu wa kaskazini, adui. Mgeni huandika. Akija kufika kwa wenyewe, kama atafika, wino umeshakauka.

Sasa tujiulize yule mwenye lugha mbili alikuwa akizungumza lugha gani. Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo, Pangani au Mombasa uliongozwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Wazungu waliochora ramani waliandika walichoambiwa na viongozi wa misafara. Kwa hiyo majina mengi yaliyomo katika vitabu vya London na Berlin yalipita kwanza kinywani mwa Kiswahili, yakavishwa wa- yetu mbele, ndipo yakapanda meli. Hapa natofautiana na wenzangu wanaosema hii ni habari ya wakoloni peke yao. Wino ulikuwa wao, ulimi ulikuwa wetu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Wandorobo, na nitakaa hapa kidogo. Neno lenyewe linatoka kwa Wamaasai: iltorobo, maskini, mtu asiye na ng'ombe, anayekula nyama ya porini kwa kukosa mifugo. Kwa Mmaasai hilo si kabila. Ni hali. Mmaasai aliyefilisika kwa ukame au tauni ya ng'ombe akakimbilia msituni kuwinda, naye aliweza kuitwa hivyo hadi apate mtamba wa kuanzia upya. Misafara ikalichukua neno la hali ikalifanya la ukoo, tukatia wa-, na Waingereza wakaliandika katika majalada yao kwa umbo la Dorobo.

Angalieni waliotiwa ndani ya kapu hilo moja. Kuna Ogiek wa msitu wa Mau na Mlima Elgon, ambao lugha yao ni ndugu ya Kinandi na Kikipsigis. Kuna Yaaku wa msitu wa Mukogodo, kaskazini ya Mlima Kenya, ambao lugha yao ya asili ni ya Kikushi, mbali kabisa na ile ya Ogiek. Waliiacha wakahamia Kimaasai katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, walipoanza kufuga na kuoana na Wamaasai. Kuna Akie wa Kiteto na Simanjiro, huku kwetu Tanzania. Mtu wa Mukogodo na mtu wa Kiteto hawakuwa na lugha moja, mzimu mmoja wala msitu mmoja. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni kile ambacho hawakuwa nacho: ng'ombe. Jina zima limesimama juu ya kitu kisichokuwepo. Mizinga ya asali waliyokuwa nayo, mamia kwa mamia juu ya miti, kila mmoja na mwenyewe na kila bonde na ukoo wake, haikumpa mtu yeyote wazo la jina.

Wako watakaosema hayo ni maneno tu. Basi tazameni Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1934. Ilipofika kwa hao "Dorobo", haikupendekeza watengewe ardhi yao. Ilipendekeza wahamie katika hifadhi za makabila makubwa wanayofanana nayo, wakamezwe humo. Sisemi jina ndilo lililowapokonya msitu. Waliotaka msitu wangeupata kwa jina lolote. Ila mtu ambaye jina lake katika jalada linasomeka "asiye na kitu" si mgumu kuhamishwa. Karani huona hamwondolei chochote.

Mwaka 2009 wakala wa misitu wa Kenya uliwapa Ogiek wa Mau siku 30 waondoke. Shauri lilifika Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba Kenya imevunja haki zao, na kwamba Ogiek ni jamii ya asili yenye utambulisho wake. Hukumu ya fidia ikafuata tarehe 23 Juni 2022: zaidi ya shilingi milioni 150 za Kenya, pamoja na amri kuhusu ardhi yao. Katika hukumu zile wanaitwa Ogiek. Wenyewe hulifasiri jina hilo kuwa mtunzaji wa mimea na wanyama. Lisomeni sambamba na "asiye na ng'ombe", halafu mniambie kama mngekuwa mawakili mngependa kusimama mbele ya majaji na lipi.

Nasi Watanzania tuna nyongeza yetu ya aibu. Mbung'o, yule inzi aletaye malale, tunamwita ndorobo. Sijui kama mtoto wa Akie aliyekaa darasani akisikiliza mwalimu akieleza namna ya kuwaangamiza ndorobo amewahi kutajwa katika kikao chochote cha wahariri wa vitabu vya sayansi. Katika vikao nilivyohudhuria hakutajwa. Neno mbung'o lipo, ni zuri, na halimgusi mtu.

Nije kwa jina ambalo hatuna wa kumsingizia, kwa kuwa ni Kiswahili kitupu: mbilikimo. Wafafanuzi wa maneno tangu enzi za mmisionari Krapf wamelipasua vilevile, mbili na kimo, mtu wa vipimo viwili. Ninapolitazama nawaza juu ya maduka ya misafara. Merikani, kitambaa cha pamba, iliuzwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: shuka mikono minne, doti mikono minane. Watu walioshinda wakipima nguo kwa mikono waliposikia habari za binadamu wafupi wa misitu ya bara, wakawapima nao. La ajabu ni kwamba Wayunani wa kale walifanya hivyohivyo. Neno lao lililozaa jina ambalo Wazungu wanawaita watu hawa hadi leo ni pygme, urefu wa kutoka kiwiko hadi vifundo vya vidole, na lilikuwa jina la watu wa hekaya waliopigana na korongo. Mfanyabiashara wa Bagamoyo na mshairi wa Uyunani hawakujuana, lakini wote wawili walifungua duka la nguo mbele ya watu ambao hawajawahi kuwaona.

Wenyewe ni Mbuti, Efe na Asua huko Ituri, na Batwa katika Kivu, Rwanda, Burundi na kusini magharibi ya Uganda. Wana lugha walizozichukua kwa majirani, wana nyimbo za sauti nyingi ambazo wataalamu wa muziki wamesafiri dunia nzima kuja kuzirekodi. Katika hadithi za watoto zilizotafsiriwa, wale wafupi wa msituni wanaomhifadhi binti mfalme tumewaita mbilikimo. Jina la viumbe vya kubuni na la binadamu anayelipa kodi Mambasa, hukohuko Ituri, ni lilelile! Nawaomba watafsiri waseme vibeti, au wabuni neno jingine. Wabunifu mmo wengi. Na mkiandika habari za Ituri, tajeni Mbuti kama ni Mbuti, na Efe kama ni Efe. Kongo yenyewe ilipitisha sheria ya kuwalinda tarehe 15 Julai 2022, na hata sheria hiyo imebeba lile neno la Kiyunani kwenye kichwa chake; kwa hiyo mtafsiri wa sheria itambidi alitaje. Kutaja kichwa cha sheria ni kitu kimoja, kulichukua kichwa hicho tukakipachika katika kila habari ni kingine.

Majina mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa mwendo wake ni uleule. Watindiga: tindiga ni mahali pa majimaji na majani, na jina linaelekea kuwa limetoka kwenye chemchemi kubwa ya Mangola. Anayeishi karibu na kinamasi akaitwa kinamasi. Waboni wa Lamu wenyewe ni Aweer, ingawa msitu na hifadhi vimebaki na Boni. Wasonjo wa Ngorongoro ni Batemi. Walumbwa lilikuwa neno la Kimaasai kwa walimaji, lenye dharau ndani yake, likawekwa kwa Wakipsigis hadi likaandikwa kwenye kituo cha reli. Leo kituo kile ni Kipkelion, na treni hazijapotea njia.

Hili la treni nalitaja kwa ajili ya wale ambao najua watauliza: jina lililozoeleka litabadilishwaje? Limeshabadilishwa mara nyingi, tena na wenyewe, bila kutungoja. Watu wa makaya ya pwani ya Kenya sisi tuliwaita Wanyika, watu wa nyika, na mtu wa Mombasa alipolitamka alikuwa akijitenga: mimi mwungwana wa mji, yule wa vichakani. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaenda kukaa Rabai, akalichukua jina hilo lilivyo. Kamusi aliyoitunga na mwenzake Rebmann ilichapishwa mwaka 1887 ikiwa ni ya Kinika, yaani Kinyika. Hao "wa nyika" walikuwa na miji yenye maboma na malango, ndiyo hayo makaya, na baraza za wazee. Katika miaka ya 1940 wenyewe wakasimama na jina la Mijikenda, miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Misitu yao ya kaya ilipoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, iliingia kwa jina hilo. Vijana wetu wengi hawajui kwamba Wanyika lilikuwa jina la mtu. Neno zima limezikwa ndani ya miaka 80, na hakuna aliyeadhibiwa kwa kulitumia; liliachwa tu, kwa kuwa wenye jina walileta lingine na waandishi wakaliandika.

Katika miaka hiyohiyo Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo na ndugu zao walijikusanya chini ya Kalenjin, "nakwambia", kauli iliyosikika redioni wakati wa Vita Kuu ya Pili katika matangazo ya John Chemallan. Ni jina jipya kuliko bibi yangu. Limekaa kama lilikuwepo tangu Nuhu.

Lakini msinielewe kwamba tupite na wembe. Yapo majina yaliyotolewa na wengine, wenyewe wakayavaa, yakawakaa. Sukuma kwa Kinyamwezi ni kaskazini. Wasukuma ni watu wa kaskazini kwa kumtazama aliyesimama Unyamwezini. Mzee wa Mwanza hana haja ya kutetewa dhidi ya jina ambalo ngoma zake zimelibeba. Wanyamwezi nalo ni jina la kupewa kutoka upande wa pwani, na hakuna Mnyamwezi niliyemsikia akililalamikia; wapagazi wao walilitembeza kutoka Tabora hadi baharini mpaka likawa sifa.

Na sisi wenyewe? Sawahil ni Kiarabu, pwani kwa wingi wake. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 akielekea Kilwa alitaja nchi ya Sawahil. Mtu wa pwani hakujiita hivyo. Alikuwa Mwamu, Mpate, Mvita, Mtikuu, Mngazija, Mwunguja. Mombasa walikuwa na Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili, kila moja na shehe wake. Mpaka leo ukimwuliza mzee wa Lamu kabila lake, hatakwambia upesi kuwa ni Mswahili. Jina la baharia aliyetutazama kutoka jahazini ndilo tulilolipa lugha yetu, tukalipenda. Hata hivyo jina hilohilo linaweza kutuchoma: "yule Mswahili sana", maana yake ana maneno mengi na ahadi chache, na "uswahilini" ni mtaa usio na mpango wala mitaro. Tunaujua mwiba. Kwa nini basi tunajifanya hatuuoni kwenye mguu wa mwenzetu?

Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa umri wa jina wala asili yake peke yake. Kipimo ni wenyewe wanasemaje. Na hili si wazo langu. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili lilipitishwa tarehe 13 Septemba 2007 kwa kura 144. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo, Kenya haikupigia upande wowote. Ibara ya 13 inasema watu hao wana haki ya kutoa na kubaki na majina yao wenyewe, ya jamii zao, mahali pao na watu wao. Wengi wetu tumelitafsiri au kulihariri azimio hilo kwa malipo, na wiki iliyofuata tukaandika "Wandorobo" katika makala. (Najua "watu wa asili" nalo lina ubishi wake, na kuna wanaosema sote barani hapa ni wa asili. Tutabishana siku nyingine. Mwanadamu hahitaji kuthibitisha kuwa alifika wa kwanza ndipo aitwe kwa jina lake.)

Kuna mtego mmoja, nao ni mgumu kuliko dharau, kwa kuwa unakuja na nia njema. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, iliamua kuachana na majina ya makabila katika mambo ya serikali, na Batwa wakaitwa kwa maneno marefu yenye maana ya walioachwa nyuma na historia. Sababu zao nazielewa. Nchi ile ilizika watu wengi mno kwa ajili ya neno lililoandikwa kwenye kitambulisho. Ila tazameni jina lenyewe: ni tena jina la hali, la kinachokosekana, na limetoka juu. Linakaa jirani na "asiye na ng'ombe". Tusije tukaondoa jina la jirani tukaweka la afisa. Nimeshaona katika miswada yetu "jamii zilizo pembezoni" likitumiwa kama jina, sura nzima, bila kuambiwa ni nani na wako wapi.

Sasa ninachowaomba. Kila mmoja wetu, kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, ayatazame majina ya watu yaliyomo na ajiulize: jina hili aliulizwa nani? Kama jibu ni jirani, atafute mwenyewe. Siku hizi si safari ya miezi sita na wapagazi. Wadatoga wapo vyuoni, Ogiek wana vyama vyao, Akie wana simu. Mwulizeni mzee na mwulizeni kijana, kwa sababu huenda wasikubaliane, na mkikuta hawakubaliani msichague nyinyi. Andikeni majina yote mawili na mseme nani anatumia lipi.

Nyaraka za zamani msizifute. Anayenukuu ripoti ya 1934 aache "Dorobo" palepale ilipo na aeleze pembeni. Tukianza kusafisha nukuu, wajukuu watadhani hakukuwa na jambo.

Halafu kuna ile wa- yetu, ambayo ni adabu ya lugha na sitaki iachwe, ila inataka akili. Ogiek, ambalo pia huandikwa Okiek, kwa lugha yao ni wingi tayari. Mmoja ni Okiot. Hadzabe nayo ina wingi mkiani. Tunapoandika "Wahadzabe" tumemvisha mtu kofia juu ya kofia. Wapo wanaoona ni sawa, Kiswahili ndivyo kinavyokaribisha wageni, kama tulivyofanya na maneno mengi ya Kiarabu. Wapo wanaotaka "Wahadza". Mimi naegemea "Wahadza" kwa sarufi, na naegemea "Wahadzabe" kwa kuwa ndivyo nilivyowasikia baadhi yao wakijitaja wanapozungumza Kiswahili na wageni. Kuegemea kwangu kuwili hakuwezi kuingia kitabuni.

Ndiyo maana prufu ya ukurasa ule bado iko mezani kwangu. Nimefuta "Watindiga" juu ya picha, na mahali pengine pote nimeacha nafasi tupu yenye upana wa herufi tisa. Mwenzetu mmoja anakwenda Yaeda Chini mwezi ujao kwa kazi nyingine, kwa watu walewale wa ukurasa wetu, waliopata hati ya ardhi yao mwaka 2011; amekubali kuketi nao jioni moja na kuwauliza wangependa watoto wa darasa la tano wasome nini. Mchapaji amenung'unika, kisha amekubali kusubiri hadi tarehe 20 ya mwezi huo. Mwenye mswada wenye nafasi kama hiyo, au ambao ulipaswa kuwa nayo, aniletee kabla mwenzetu hajaondoka ili maswali yote yaende kwa safari moja. Nauli ya pikipiki kutoka Mbulu tutachangia. Mweka hazina ameshaambiwa.

Wenu katika kazi,

Katibu